Shamba la Kibarazani: Vidokezo 14 kwa Familia Isiyo na Kiwanja

Vyumba viwili Sinza, ghorofa ya tatu Kariakoo, kibaraza cha kuchangia na wapangaji wengine Mbagala: Dar es Salaam ya leo wengi wetu hatuna pa kulima, ila pilipili na mchicha tunavihitaji kila siku ya Mungu. Uzuri ni kwamba mboga nyingi tunazokula hazidai shamba. Zinadai ndoo, jua na mtu wa kuzikumbuka.

Kwenye hilo la kukumbuka ndipo bustani nyingi za mjini hufia. Mtu anaona picha mtandaoni, ananunua vyungu vya rangi moja na maua ya bei mbaya, na mwezi wa pili vyungu vimebaki na vijiti. Bustani inayodumu ni ile ambayo mpishi anaifikia kila jioni akiwa na kisu mkononi. Ndiyo maana vidokezo hivi vinaanza na tumbo, macho yanafuata.

1. Anzia jikoni, si dukani

Kabla hujanunua hata mche mmoja, jiulize mtoto anatumwa nini gengeni karibu kila jioni. Nyumba nyingi majibu yanafanana: pilipili mbili, kitunguu majani, fungu la matembele, giligilani kidogo ya kachumbari. Chagua vitatu tu katika hivyo, uanze navyo.

Mmea unaoingia sufuriani kila siku haukosi maji, maana anayeuchuma ndiye anayeuona ukinyauka. Wa urembo mtupu unaweza kukauka wiki nzima bila mtu kushtuka. Rwanda wamelifanya jambo hili kuwa kampeni ya nchi: kaya zimehimizwa kuwa na akarima k'igikoni, kijibustani cha jikoni, ili mboga za majani zisikosekane kwenye sahani za watoto. Nawe weka vyombo vyako njiani: kando ya mlango wa jiko, kwenye ngazi, chini ya dirisha la kuoshea vyombo. Ukilazimika kuvaa viatu na kutafuta ufunguo ili uchume pilipili, utaishia kumtuma mtoto gengeni.

2. Lijue jua lako

Siku moja ya mapumziko kaa nyumbani na uangalie jua linapiga wapi saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni. Mboga za majani kama mchicha na matembele hukubali hata saa nne za jua kwa siku. Nyanya, pilipili, bamia na bilinganya zinataka saa sita na zaidi. Chini ya hapo utapata majani mazuri na matunda ya kuhesabu.

Kuna jambo wakazi wa ghorofani hulisahau: jua halipiti njia ileile mwaka mzima. Dar es Salaam iko kusini ya Ikweta, kwa hiyo kuanzia Aprili hadi Septemba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, na kuanzia Novemba hadi Januari linahamia upande wa kusini. Balkoni inayotazama kaskazini inaota jua mwezi wa Juni, ikifika Desemba imo kivulini. Usishangae pilipili iliyokuwa ikizaa vizuri ikigoma ghafla. Isogeze.

Kama ukuta wako unatazama magharibi, jihadhari na joto la alasiri. Ukuta wa saruji na bati huchoma mimea hata jua likishapungua. Kipande cha neti kuukuu ya mbu, kikifungwa kwa kamba mbili, kinatosha kuipoza.

3. Chagua chombo kwa urefu wa mzizi

Mchicha, giligilani na kitunguu majani zinaridhika na kina cha sentimita 15, kwa hiyo beseni lililopasuka au dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni linafaa kabisa. Pilipili na bamia zipe sentimita 25 hadi 30. Nyanya, bilinganya na ndimu zipe ndoo nzima ya lita 20 au kubwa zaidi.

Chombo chochote lazima kitobolewe chini: matundu manne au matano yenye upana wa kidole kidogo. Msumari uliopashwa moto kwenye mkaa hutoboa plastiki kwa sekunde chache, ila kazi hiyo ni ya mtu mzima. Weka vigae vya chungu kilichovunjika juu ya kila tundu ili udongo usitoroke na maji.

Angalia pia chombo kilibeba nini kabla ya kuja kwako. Dumu la mafuta ya kula halina shida. Pipa la kemikali, kopo la rangi ya mafuta au galoni la dawa ya wadudu liache hukohuko, hata likisuguliwa mara kumi.

Na kama uko ghorofani, kumbuka uzito. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa inaweza kufika kilo 30. Zipange karibu na ukuta wa nyumba, usizitundike kwenye kingo za balkoni.

4. Udongo wa kuchota njiani hautoshi

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni kichanga. Maji yanapita humo moja kwa moja na kuondoka na rutuba. Kwa ndoo, changanya hivi: makarai mawili ya udongo mweusi, karai moja la samadi iliyooza vizuri, nusu karai ya mchanga. Samadi ya ng'ombe au mbuzi ikiwa tayari haitoi harufu na inapukutika mkononi. Ya kuku ni kali. Iache ioze miezi miwili au zaidi, la sivyo inaunguza mizizi.

Sasa siri ya watu wa pwani: makumbi ya nazi. Nyuzi zake hushika maji kwa muda mrefu, na wauza madafu wanayatupa kwa marundo. Yaloweke siku mbili tatu, ukibadilisha maji ili chumvi itoke, kisha yachane vipande vidogo uchanganye na udongo. Ndoo yenye makumbi inavumilia siku ya joto ambayo ndoo ya kichanga isingeivumilia.

Usichote udongo pembezoni mwa gereji, kwenye dampo au kwenye kingo za mito inayopokea maji machafu ya viwandani. Mboga hunyonya kilichomo, na madini mazito kama risasi hayaondoki kwa kuosha majani.

5. Panda kwenda juu: salfeti moja, mboga za familia

Nafasi ya chini ikiwa haba, tumia ya juu. Bustani ya gunia ilipata jina Kibera, Nairobi, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipoanza mwaka 2008 kuzisaidia familia kupanda sukuma wiki na mchicha kwenye magunia milangoni mwao. Mbinu hiyo inafaa kibaraza chochote.

Chukua salfeti la kilo 50 au 100. Simamisha katikati kopo kubwa lisilo na kitako. Lijaze kokoto, kisha jaza udongo wako pande zote kulizunguka. Udongo ukifika juu ya kopo, livute kopo hilo juu, kokoto zibaki, ujaze tena. Rudia mpaka gunia lijae. Matokeo yake ni nguzo ya kokoto katikati inayopeleka maji hadi chini. Bila nguzo hiyo mimea ya juu inalewa maji na ya chini inakufa kwa kiu.

Toboa matundu ubavuni kwa kupishana, kila moja mbali na mwenzake kama urefu wa kiganja. Panda miche ya mchicha, sukuma wiki au matembele kwenye matundu. Juu kabisa weka pilipili au nyanya moja. Zungusha gunia robo mzunguko kila wiki kama si zito kupita kiasi, au liweke mahali ambapo jua linalifikia pande zote.

6. Mboga tano zisizokuangusha

Kwa anayeanza, hizi ndizo za uhakika.

*Matembele.* Omba marando kwa jirani au kwa muuza mboga. Kata kipande cha sentimita 30, fukia theluthi mbili, mwagilia. Baada ya mwezi mmoja hivi unaanza kuchuma ncha, na kadiri unavyochuma ndivyo yanavyochipua.

*Mchicha.* Mbegu zake ni ndogo mno. Zichanganye na konzi ya mchanga mkavu kabla ya kumwaga, ili zisirundikane mahali pamoja. Wiki ya tatu au ya nne uko mezani. Usiung'oe. Kata juu ya vifundo viwili au vitatu, utachipua tena.

*Kitunguu majani.* Kile kitunguu maji kilichoota kabatini usikitupe. Kifukie nusu, na baada ya wiki mbili unakata majani ya kachumbari kwa mkasi.

*Pilipili.* Pilipili kichaa au mbuzi, moja tu kwa ndoo. Inachukua miezi mitatu hivi kuanza kuzaa, lakini ikitunzwa inakaa miaka miwili na zaidi. Mti mmoja unatosha familia, mwingine wa majirani.

*Mchaichai.* Nunua shina lenye kitako, liweke kwenye glasi ya maji dirishani. Mizizi ikitoka lihamishie kwenye kopo. Chai ya jioni imepata kiungo chake.

Mnanaa nao ni rahisi, ila upe chombo chake peke yake. Ukiuchanganya na wenzake unawameza wote.

7. Nyanya na giligilani zina msimu wake

Hizi mbili ndizo zinazovunja watu moyo, na mara nyingi kosa ni la kalenda. Nyanya zikipandwa katikati ya masika, Machi hadi Mei, majani yanakaa yamelowa, baka jani linaingia na mti unaungua kuanzia chini kwenda juu. Sia mbegu mwishoni mwa masika ili miche ihamie kwenye ndoo mvua zikikatika, izae miezi ile ya upepo wa kusi na ubaridi. Mwagilia kwenye shina, kamwe usirushie majani maji. Dukani kwa pembejeo ulizia aina kama Tanya au Tengeru 97, zilizotolewa kwa ajili ya mazingira ya Tanzania, na uhakikishe pakiti ina lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu.

Giligilani huchukia joto. Ukiisia Januari inakimbilia kutoa maua kabla hujaionja. Isie Juni au Julai, kivulini kidogo. Mbegu ni zilezile za kwenye kabati la viungo, mradi hazijakaangwa wala kusagwa: zibonyeze kwa chupa zigawanyike vipande viwili, ziloweke usiku kucha, kisha usie palepale zitakapokulia.

8. Ukinunua miche, pindua kiriba

Wauza miche wa kando ya barabara wana mali nzuri, lakini mnunuzi mpole ndiye anayeuziwa mche uliochoka. Salimia, kisha fanya ukaguzi wako bila haraka. Geuza jani uangalie chini yake: vidudu vyeupe vinavyoruka au unga wa kunata ni dalili ya kuacha. Pindua kiriba: mizizi mingi iliyotoka nje na kujikunja maana yake mche umekaa humo kupita kiasi. Chagua mfupi mnene kuliko mrefu mwembamba.

Halafu uliza swali hili: "Kaka, huu mche umelelewa kivulini au juani?" Akisema kivulini, usiupeleke kibarazani kwenye jua kali siku hiyohiyo. Uzoeshe kidogokidogo kwa wiki moja: jua la asubuhi kwanza, la mchana baadaye. Na ukinunua mitano, omba wa nyongeza. Ni haki yako ya mjini.

9. Maji: mwagilia kwa akili

Mwagilia asubuhi kabla ya saa 2, au jioni jua likishashuka. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, acha. Mimea ya ndoo hufa kwa maji mengi sawasawa na inavyokufa kwa kiu.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yakusanye kwenye ndoo. Ni maji safi yanayopotea bure. Ya kufulia yenye sabuni ya unga au dawa ya kung'arisha nguo yasiguse mboga. Kama nyumba yenu inatumia kisima chenye chumvi, utaona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zikiungua. Mara mojamoja mwaga maji mengi ya mvua au ya bomba hadi yatoke chini, chumvi ioshwe. Masika na vuli weka pipa chini ya mchirizi wa paa, ulifunike.

Mnasafiri mwisho wa wiki? Toboa kifuniko cha chupa ya lita moja na nusu kwa sindano, ijaze, ichomeke kichwa chini kwenye udongo. Itakuwa ikidondosha taratibu.

10. Visahani vya chini ya vyungu: usifuge mbu

Dar es Salaam imepigwa na milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake, Aedes, anayeuma mchana, anapenda maji safi yaliyotulia: kisahani cha chungu, kifuu, tairi, kopo lililosahauliwa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Kwa hiyo mara moja kila wiki mwaga maji yote, usugue ukingo wa chombo kwa brashi, maana mayai hushikilia pembeni na yanavumilia ukavu. Njia rahisi zaidi ni kujaza visahani mchanga: unyevu unabaki, mbu anakosa pa kutagia. Pipa la mvua nalo lifunike kwa neti iliyobana.

11. Mapambo yapo nyumbani na kwa fundi, si lazima ya kuagiza

Hapa ndipo macho yanapopata haki yake. Kabla hujaagiza vyungu vya plastiki vya rangi ya dhahabu, zunguka nyumba na mtaa.

*Jiko la mkaa lililochakaa.* Hili ni chungu kilichozaliwa na matundu. Toa majivu, lipige brashi ya waya, lipake rangi nje, jaza udongo, panda mshubiri au maua madogo. Miguu yake mitatu inaliinua na kuruhusu maji kutoka.

*Kinu kilichopasuka.* Hakitwangi tena, lakini kikisimama pembeni ya mlango na mrihani ndani yake, wageni watakiulizia.

*Vifuu vya nazi.* Toboa jicho moja, weka udongo, sia mbegu moja ya pilipili au nyanya. Vipange kwenye sinia kuukuu dirishani. Miche ikikua, kivunje kifuu na kupanda bila kusumbua mizizi.

*Chaga za kitanda.* Kitanda kikifa, chaga zake zinaishi. Zigongelee kwenye fito mbili na una uchanja wa kupandishia pasheni au kunde. Zikikatwa fupi zinatoa rafu ya vyungu.

*Kreti za soda.* Zipangwe ngazi kwa ngazi, kila moja na vikopo vyake. Zinabebeka kirahisi siku ya kudeki.

*Vikapu vya ukili.* Weka ndani yake chungu cha plastiki chenye kisahani; kikapu chenyewe kisilowe. Kibaraza kinabadilika sura kwa dakika tano.

*Kamba ya katani.* Ya Tanga ni imara na bei yake inabebeka. Mfundishe mtoto mkubwa kusuka vitundikio vya vikopo. Ni kazi ya mchana mmoja wa likizo.

*Vyungu vya udongo.* Vya kupikia vinauzwa sokoni kwa bei nafuu kuliko vya maua. Ukibahatika kufika Kyela, tafuta vyungu vya Wakisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambao ufinyanzi wao una sifa ya miaka mingi. Chungu kizuri hivyo usikitoboe. Weka kopo lenye mmea ndani yake, kiwe joho.

Kanuni moja ya kuunganisha vyote: chagua rangi mbili tu. Makopo yote yakipakwa nyeupe na bluu, hata lile la maziwa ya unga linaonekana limekusudiwa.

12. Kona isiyo na jua ina wenyeji wake

Si kila nyumba ina jua, na kivuli si mwisho wa habari. Mimea miwili inayopamba madirisha ya Ulaya na Marekani ina asili ya huku kwetu. Ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia lilitoka kwenye misitu ya Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wakati wa utawala wa Wajerumani, alilipeleka kwao, nalo likabeba jina lake. Linataka mwanga wa dirishani usio wa jua kali. Maji lipe kwenye kisahani, linywe kwa nusu saa, kisha umwage yaliyobaki. Majani yake yenye manyoya yakilowa yanapata mabaka.

Wa pili ni Zamioculcas, wauza maua huuita ZZ kwa kifupi. Unaota wenyewe Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo, na vitalu vya Uholanzi vilianza kuuzalisha kibiashara miaka ya 1990. Una viazi chini vinavyohifadhi maji, kwa hiyo mwagilia kila baada ya wiki mbili au tatu tu. Unafaa sana kwa mtu asiyeshinda nyumbani.

Yote nunua kwenye kitalu. Saintpaulia za porini ziko hatarini kutoweka, na kung'oa msituni ni kumaliza mbegu.

Kibaraza chenye jua kipe harufu ya pwani: asumini kwenye ndoo, ikipanda uchanja wa chaga. Chuma matumba jioni yakiwa yanakaribia kufunguka, yatafunguka chumbani. Mrihani na kivumbasi viweke karibu na mlango, uvipukuse ukipita.

13. Mpe mtoto kopo lake, na umwekee mipaka

Mtoto anayemwagilia "bustani ya mama" atachoka siku ya pili. Mpe kopo moja, liandikwe jina lake, na mbegu yenye matokeo ya haraka: kunde au maharage huchomoza ndani ya wiki. Mchicha alioupanda mwenyewe mtoto atauonja, hata yule anayesukuma mboga pembeni ya sahani kila siku. Wakubwa kidogo wape kazi ya kuwinda wadudu: kugeuza majani, kuhesabu vidukari, kuvisugua kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Vikizidi, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo ya kipande na upulizie jioni. Mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Mimea mingine isiwepo kabisa penye watoto wadogo. Mnyaa una utomvu mweupe unaoweza kuumiza macho vibaya. Mbegu za mnyonyo na mbono kaburi zinavutia kuchezea na ni sumu. ZZ nao ukae juu ya kabati, utomvu wake unawasha mdomo. Na kisamvu, hata kama muhogo wako kwenye pipa umestawi vipi, lazima kitwangwe na kichemshwe muda mrefu kabla ya kuliwa.

14. Panga bustani inayohamishika

Mpangaji hajui kesho yake. Mwambie mwenye nyumba mapema kabla ya kugongelea msumari ukutani, na umpelekee fungu la kwanza la mboga. Ruhusa ya kutoboa inakuja yenyewe. Chochote kizito kiweke juu ya ubao wenye magurudumu, ambao fundi seremala wa mtaani anautengeneza kwa mabaki ya mbao.

Mboji nayo itengeneze kwenye ndoo yenye mfuniko na matundu: safu ya maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, safu ya majani makavu au maboksi yaliyochanwa. Nyama, dagaa na ugali usitie, utaita panya. Machicha ya nazi weka konzi moja tu kwa wakati, mafuta yake yanavuta sisimizi.

Siku ya kuhama, usihangaike na udongo wote. Kata marando sita, chukua mashina mawili ya mchaichai, kausha pilipili nne kwa ajili ya mbegu, funga kila kitu kwenye gazeti lenye unyevu isipokuwa mbegu. Kwenye nyumba mpya utakuwa unachuma tena baada ya mwezi. Ndoo nzito mwachie jirani aliyekuwa akikumwagilia ulipokuwa safarini. Ameshazizoea, na siku marando yako yakigoma kushika ndiye utakayemwomba mengine.